SOMO LA TAWI: SIMU YA MFANYAKAZI NA SIRI ZAKE



Somo la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Katika mikutano ya matawi hapa Gisenyi, kila tunapofika kwenye "mengineyo" swali ni lile lile: simu. Mmoja ameibiwa mshahara ndani ya simu. Mwingine ameziona picha zake kwa mtu asiyemjua. Wa tatu ameulizwa na msimamizi wake juu ya maneno aliyoyaandika usiku katika kundi la wanachama. Tumeona si vema kuendelea kulijibu swali hili katika dakika tano za mwisho, watu wakiwa wamekwisha simama na wengine wanaiwahi zamu ya usiku. Kwa hiyo tumeliandikia somo zima. Lisomwe tawini kwa sauti, kwa vituo, na wanaojua kusoma wawasaidie wasiojua.

Wazee wetu wanaikumbuka bahasha. Siku ya malipo unapanga mstari dirishani, karani anasoma jina, unaweka sahihi au dole gumba, unahesabu noti mbele yake. Bahasha ilikuwa na hatari zake, na wengi waliporwa njiani. Lakini mwizi wa bahasha alichukua mshahara mmoja tu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia Rwanda mwaka 2010 ilitupunguzia mstari na ilitupunguzia hatari ya njiani, na hatusemi irudishwe bahasha. Tunachosema ni kwamba ndani ya simu ya leo hamna mshahara peke yake. Mna akiba ya ikimina, picha ya kitambulisho, risiti ya mutuelle, picha za watoto, namba za ndugu walio Goma, na mazungumzo yetu ya chama. Tena mna mkopo ambao bado hujaukopa: anayeishika simu yako pamoja na namba ya siri anaweza kukopa kwa jina lako katika huduma kama MoKash, akala, nawe ukabaki kulipa.

LAINI NI YA NANI?

Tuanze hapa, maana hapa ndipo tumeona hasara kubwa kuliko zote, na ndipo watu wasipopatilia maanani.

Mwenzetu mmoja alikuwa mchuma chai katika wilaya nyingine kabla ya kuhamia hapa Mbugangari. Alipoanza kazi ile hakuwa na kitambulisho mkononi, kilikuwa kimepotea. Malipo yalikuwa ya simu, na laini haiandikishwi bila kitambulisho. Hiyo ndiyo kanuni ya nchi tangu uandikishaji wa laini wa mwaka 2013. Mnyapara wake akamwambia, "Usijali, nitaiandikisha kwa kitambulisho changu." Mwenzetu akashukuru kwa moyo wote. Mambo yakaenda vizuri zaidi ya mwaka.

Siku moja simu ikaporwa katika msongamano wa watu karibu na Petite Barrière. Akakimbilia ofisi ya kampuni ya simu kuomba laini mpya yenye namba ile ile. Akaulizwa kitambulisho. Alikuwa amekwisha pata kipya, akakitoa. Akajibiwa kuwa laini si yake, mwenyewe aje. Mwenyewe ni yule mnyapara, naye alikuwa amekwisha hama kazi. Alipompata kwa namba nyingine aliahidi wiki ijayo, kisha wiki ijayo tena. Siku alipokuja, malipo ya majuma mawili pamoja na akiba yote yalikuwa yametolewa zamani. Nani aliyatoa? Mwizi? Mnyapara? Hatukuweza kuthibitisha, na kwa hiyo hatumtuhumu mtu. Tuliandamana na mwenzetu kila mahali, na kila mahali tulikuta jibu moja, nalo lilikuwa la haki kwa mujibu wa karatasi: fedha ile ilikuwa katika laini ya mtu mwingine.

Elewa jambo hili vizuri. Laini ikiandikishwa kwa jina la mnyapara, mnyapara huyo anaweza kwenda siku yoyote ofisini, akasema laini imepotea, akapewa mpya. Yako inakufa papo hapo mfukoni mwako, yake inafufuka. Hahitaji kukuibia simu. Huenda ni mtu mwema na hatafanya hivyo maisha yake yote, lakini mshahara hauwekwi katika wema wa mtu.

Kila msikilizaji wa somo hili aangalie laini yake. RURA, yaani mamlaka ya kusimamia huduma za mawasiliano, iliweka njia ya kutazama laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako: piga *125#. Utaziona namba. Ikiwa namba unayoitumia haimo, nenda na huyo mwenye kitambulisho mpaka ofisini, laini ihamishwe kwa jina lako, leo wakati mko katika maelewano. Ikiwa imo namba usiyoijua, ifungishe. Laini iliyo kwa jina lako ikitumika katika utapeli, polisi watalisoma jina lako kwanza.

Wengi wetu hapa mpakani tuna laini mbili, ya huku na ya Kongo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni, na namba yake yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Ikiwa ulifungulia WhatsApp kwa namba hiyo, huyo mpya anaweza kuufungua mlango huo. Kabla hujaiacha laini, hamisha WhatsApp yako kwenye namba unayobaki nayo.

NAMBA YA SIRI

Tunaita namba ya siri, lakini katika vijumba vya mawakala tunaisikia ikitajwa kwa sauti: "Mama, niambie namba nikuandikie." Mama anaitaja, na nyuma yake wamesimama watu wanne. Wakala mwema ataigeuza simu kwako uandike mwenyewe. Kama huoni vizuri au hujui kusoma, njoo na mtoto wako au jirani unayemwamini, usimwachie mtu wa barabarani. Na namba isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Mwaka huo umeandikwa katika kitambulisho, na picha ya kitambulisho imo ndani ya simu ile ile.

Ziko namba tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya fedha. Ya pili ni ya kufungua kioo cha simu. Wengi huchora mstari tu, na ule mchirizi wa kidole huonekana juu ya kioo ukikiinamisha kidogo penye mwanga, hasa kwa sisi tunaotoka kazini na mikono ya mafuta. Afadhali tarakimu sita. Ya tatu, ambayo karibu hakuna anayeiweka, ni ya laini yenyewe. Mwizi mzoefu hahangaiki na kioo chako. Anachomoa laini, anaitia katika simu yake, kisha anaomba namba za uthibitisho zije kwake kwa ujumbe. Laini yenye namba yake ya siri humkatalia hapo hapo. Inawekwa katika mipangilio ya simu, mahali pa usalama. Tahadhari: usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini hujifunga, nawe utahitaji namba ya kufungulia iliyoandikwa katika ile kadi kubwa ambayo laini ilinyofolewa. Tafuta kadi hiyo kwanza, uiweke nyumbani pamoja na hati zako.

Halafu zuia ujumbe usisomeke juu ya kioo kilichofungwa. Kufunga nyumba na kuacha barua dirishani zinasomeka kuna faida gani?

SIMU ILIYOFUNGULIWA NA MUUZAJI

Hili tumeligundua kwa kuzunguka, si kwa kusoma. Katika tawi moja tuliwaomba wanachama wafungue mipangilio ya simu zao waangalie jina la akaunti ya Google. Vicheko vilijaa, kisha vikaisha. Mmoja alikuta jina la duka. Mwingine alikuta jina la kijana aliyemuuzia simu kuukuu karibu na soko. Wengine waliona majina yao, lakini hawakuijua nywila, kwa sababu muuzaji ndiye aliyeiweka na hakuwaambia.

Maana yake ni nini? Simu hizi huhifadhi nakala za namba, na mara nyingi za picha pia, katika akaunti. Kama akaunti ni ya muuzaji, basi namba za jamaa zako na picha za harusi ya binti yako zinaweza kuwa zinamwagika kwake kimya kimya, bila yeye kukuibia kitu kwa mkono. Na siku simu ikiibiwa, ile njia ya kuitafuta na kuifuta kutoka mbali huwezi kuitumia, kwa kuwa ufunguo si wako. Hatusemi wauzaji wote wana nia mbaya. Wengi hufanya hivyo ili mteja aondoke upesi. Lakini unaponunua simu, hasa iliyokwisha tumika, sharti ifutwe yote mbele yako, uanze upya na akaunti yako, nywila ukiichagua mwenyewe. Piga *#06#, namba ndefu ya simu itatokea. Iandike pamoja na tarehe ya kununua na uombe risiti. Bila hiyo, ukienda kushtaki wizi huna cha kuonyesha, na ukikutwa na simu iliyoibiwa huna cha kujitetea.

Kwa fundi ni vivyo hivyo. Kioo kikipasuka, toa laini, toa kadi ya kumbukumbu kama ipo, na ukiweza kaa hapo hapo mpaka kazi iishe. Fundi anayekuambia ni lazima umwachie namba ya kufungulia ili abadilishe kioo, muulize kwa nini asikuite wewe ufungue wakati wa kujaribu.

WANAOPIGA SIMU

Matapeli wa simu mnawajua, na hatutakaa hapa sana. Kule Rusizi, kusini mwa ziwa letu la Kivu, kazi hii ilishamiri hata wenye kuifanya wakapewa jina, Abameni, na RIB imewakamata kwa makundi. Maneno yao hubadilika: nimekutumia fedha kwa makosa, umeshinda zawadi, mtoto wako amelazwa, naitwa fulani wa kampuni ya simu. Kanuni ya kuwashinda ni fupi. Kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri kamwe. Anayekuambia upige *182 na kuendelea, kisha utie namba ya siri "ili nirudishiwe", anakufanya umtumie fedha kwa mkono wako. Kata simu. Angalia salio kwa njia yako mwenyewe, wala usiamini ujumbe, maana ujumbe mtu yeyote aweza kuuandika ufanane na wa kampuni. Na zile tarakimu sita za WhatsApp zinazokuja ghafla, hata kama rafiki yako anaziomba, usimpe. Mara nyingi rafiki huyo amekwisha ibiwa akaunti, na anayeandika ni mwizi.

Ukiumia, upesi una thamani. Pigia kampuni laini ifungwe, kisha RIB, 166, bila malipo. Wapo wanaonyamaza kwa aibu siku tatu. Siku tatu zinatosha kabisa fedha kupita katika laini kumi.

SIMU NA CHAMA

Sasa tunafika penye uzito wake kwetu sisi kama wafanyakazi walioungana.

Desturi ya mwajiri kutaka kujua zaidi ya kazi ni ya zamani. Kule Kenya serikali ya kikoloni ilipitisha mwaka 1915 sheria ya kuandikisha wafanyakazi Waafrika, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume alivaa shingoni kikopo cha chuma chenye karatasi, kipande, yenye alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na ujira wake. Mwajiri mpya alimsoma kabla hajafungua mdomo. Harry Thuku na wenzake waliupinga utaratibu huo hadharani, na alikamatwa Machi 1922. Na sisi katika Rwanda hatuhitaji kufundishwa na mtu maana ya habari za mtu kuandikwa na kuwekwa mikononi mwa wengine. Kitambulisho chenye kabila, kilicholetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, tuliona kilivyotumika kwenye vizuizi mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya orodha, tuzungumze kwa makini. Na hapa tuna budi kujikosoa.

Katibu wa tawi letu moja, mtu mwaminifu na mchapakazi, alitaka kuharakisha kazi ya kuandikisha wanachama wapya. Akapiga picha karatasi ya orodha, yenye majina, namba za vitambulisho, namba za simu na idara, akaituma katika kundi la WhatsApp la wanachama ili kila mtu ahakiki jina lake. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia. Nani aliwatia wote? Hakuna aliyejua. Wasimamizi wa kundi walikuwa tisa. Siku nne baadaye wanachama wapya walianza kuitwa ofisini, mmoja mmoja, wakiulizwa kwa upole kama wana malalamiko gani, na kwa mfuatano ule ule wa orodha. Kumi na wawili walijitoa. Hakuna aliyefukuzwa, na kwa hiyo hapakuwa na kesi ya kupeleka popote. Lakini tawi lilirudi nyuma mwaka mzima.

Baada ya hapo wengi walisema, "WhatsApp inasikilizwa." Sivyo ilivyokuwa. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa, na aliye njiani haufungui. Lakini ncha mbili za safari ziko wazi: mkono uliotuma na mikono mia iliyopokea. Ilihitajika mkono mmoja tu kupiga picha kioo. Kwa hiyo dawa si kutafuta programu nyingine kila mwezi. Dawa ni kujua nani yumo. Kundi la matangazo liwe kubwa, la matangazo tu: saa ya mkutano, msiba, mchango. Mambo ya madai na mashauri yazungumzwe ana kwa ana, kama tulivyofanya siku zote. Orodha ya wanachama ikae katika daftari la katibu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Anayetaka kuhakiki jina lake aje alione lake. Aliyehama kazi au kupandishwa kuwa msimamizi aondolewe katika kundi kwa heshima, bila kusemwa.

Kila mtu aangalie pia katika WhatsApp yake sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Mwenzetu aliwahi kuomba kompyuta ya ofisi achapishe barua, akaiacha WhatsApp yake wazi pale. Aliyekalia kiti kile aliyasoma mazungumzo yetu kwa muda usiojulikana.

Sheria inasemaje? Katiba ya Rwanda, ibara ya 23, inalinda faragha ya mtu na siri ya mawasiliano yake, isipokuwa kwa taratibu zilizowekwa na sheria. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda habari binafsi, na wenye kuziweka walipewa miaka miwili kujirekebisha, hadi Oktoba 2023. Kwa sheria hiyo una haki ya kuuliza mwajiri ana habari gani zako na azitumiaje, na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Alama za vidole, zile tunazobonyeza getini asubuhi, zimo katika fungu la habari nyeti pamoja na afya na imani ya dini. Mwajiri anayeweka mashine hiyo aulizwe alama zinakaa wapi, nani anazifikia, na zinafutwa lini mtu anapoacha kazi. Lalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya taifa ya usalama wa mtandao, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria hii.

Lakini someni fungu hilo la habari nyeti kwa makini, ndugu. Uanachama wa chama cha wafanyakazi haukutajwa humo kwa jina. Katika sheria ya Umoja wa Ulaya na ya Afrika Kusini umetajwa. Sisi twaona ni pengo, na viongozi wetu wanapokaa katika meza ya mazungumzo walikumbuke. Mpaka hapo, orodha yetu bado ni habari binafsi inayolindwa na sheria, ila mlinzi wake wa kwanza ni yule anayeishika.

Jambo moja la nyumbani, na tunajua wanaume wengine watanuna. Mwanachama anayelalamika kuwa msimamizi anapekua simu yake, kisha jioni anapekua ya mkewe, atueleze tofauti.

KAZI YA TAWI KABLA YA SOMO LIJALO

1. Kila mwanachama apige *125# na aseme tawini, bila kutaja namba, kama laini anayopokelea mshahara ni ya jina lake. Katibu ahesabu walio na laini za majina ya watu wengine, na kamati iwasindikize ofisini katika juma la malipo lijalo, wakiwa pamoja na wenye vitambulisho.

2. Katika kundi letu la WhatsApp, wasimamizi ni wangapi, na kila mmoja aliwekwa na nani? Je, yumo mtu ambaye hakuna anayemfahamu?

3. Mwajiri akimtaka mfanyakazi aifungue simu yake getini, tawi litafanya nini siku hiyo hiyo? Jadilini, muandike mliyokubaliana, mtuletee kwa mkono. Msitume picha.